Ladha ya Mtu Huonekana Katika Anavyokataa

Tangu Novemba 2022, ChatGPT, programu ya akili mnemba, ilipofunguliwa kwa umma, kutengeneza vitu kumekuwa kazi ya sekunde. Aya ya utangulizi, nembo ya kampuni, picha ya jalada, hata wimbo wa tangazo: unaomba, unaletewa, na usiporidhika unaomba tena. Kutokana na hali hiyo limezuka dai ambalo sasa linasikika karibu kila panapozungumziwa ajira, kwamba kutengeneza tumewaachia mashine na kilichobaki kwa binadamu ni ladha, yaani kujua kipi kizuri kibaki na kipi kitupwe. Waajiri wanashauriwa watafute watu wenye ladha. Waombaji kazi nao wanaulizwa wanasoma nani, wanasikiliza nini, wanavutiwa na msanifu gani, na majibu yao yanachukuliwa kuwa dirisha la akili na tabia zao. Dai lenyewe lina ukweli. Lililopotoka ni namna linavyotafsiriwa.

Msimamo wa makala haya ni kwamba orodha ya vitu anavyovipenda mtu inaeleza alikolelewa, alikosoma na watu anaotamani kufanana nao, kuliko inavyoeleza hukumu yake. Na kuhusu wema wake haielezi karibu chochote. Hukumu inajitokeza kwingine, pale mtu anapokutana na kitu asichokizoea. Anakitofautishaje na kinachofanana nacho? Anaacha nini? Anaonyesha sababu ipi, na anafanya nini akigundua kwamba alikosea? Mwajiri anayechanganya mambo haya mawili atajaza ofisi watu wenye rafu nzuri za vitabu na macho yasiyoona kasoro.

Mjadala huu ni wa zamani, na wengi wanaoushiriki leo wanarudia hoja za mwaka 1757 bila kujua. Mwaka huo mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alichapisha insha kuhusu kipimo cha ladha. Alikubali kwamba hisia ya moyo haikosolewi: ukisema kitu kimekupendeza, hakuna wa kukukanusha. Kisha akauliza, kama ndivyo, kwa nini kazi nyingine zinadumu karne kwa karne huku nyingine zikisahaulika kabla waliozitunga hawajazeeka? Jibu lake lilikuwa kwamba wapo waamuzi wanaostahili kusikilizwa kuliko wengine, na akawawekea masharti matano: akili timamu, hisi nyepesi ya kunasa tofauti ndogo, mazoezi, uzoefu wa kulinganisha, na moyo usiotawaliwa na upendeleo. Akakumbusha kisa cha Cervantes, mwandishi wa Hispania, cha waonjaji wawili wa mvinyo. Mmoja alisema mvinyo ni mzuri ila una ladha kidogo ya ngozi. Mwenzake akasema ni mzuri ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka, hadi pipa lilipomwagwa ukakutwa chini yake ufunguo uliofungwa kwa ugwe wa ngozi. Tazama yale masharti matano: hakuna hata moja linalotaja kitu ambacho mwamuzi lazima akipende. Yote yanahusu njia anayopita hadi kufikia uamuzi, na matatu ya mwisho yanapatikana kwa kujifunza.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Immanuel Kant, mwaka 1790, aliongeza tofauti moja ambayo ina manufaa makubwa kwa yeyote anayemchunguza mtu mwingine. Kusema kitu kinanipendeza ni habari juu yangu, na hakumdai mtu yeyote chochote. Kusema kitu ni kizuri ni kuwaomba wengine nao wakubali, na hapo lazima kuwe na cha kuonyesha. Mtu mwenye hukumu iliyokomaa hutembea kati ya kauli hizi mbili bila kuzichanganya. Anaweza kusema "kazi hii ni bora ingawa hainivutii", na pia "hii naipenda sana, lakini ni dhaifu, na udhaifu wake uko hapa". Asiyeweza kutamka hata moja kati ya sentensi hizo hajawahi kuhukumu kitu. Amekuwa akitoa taarifa za hisia zake tu.

Karibu karne mbili baadaye mwanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu, aliipeleka hoja upande mwingine kabisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1979, kilichojengwa juu ya hojaji za mwaka 1963 na za 1967 hadi 1968 zilizojibiwa na watu 1,217 nchini Ufaransa, alionyesha kwamba mapendeleo katika muziki, picha, samani na chakula yanafuatana kwa karibu na kiwango cha elimu na kazi ya baba. Anayepanga vitu katika madaraja kwa ladha yake anajipanga na yeye mwenyewe. Wengine walidhani enzi hiyo imepita, kwa kuwa wasomi wa leo wanasikiliza kila aina ya muziki. Lakini mwaka 1996 Richard Peterson na Roger Kern, wakilinganisha takwimu za Marekani za 1982 na 1992, walionyesha kwamba watu wa hadhi ya juu ndio hasa waliokuwa wakigeuka kuwa wapenda vingi. Kwa hiyo hata kusema "mimi nasikiliza kila kitu" ni kitambulisho cha tabaka. Msaili anayemuuliza mwombaji vitabu anavyovipenda anadhani anapima ladha, kumbe kwa sehemu kubwa anauliza baba yake alifanya kazi gani. Hilo si kosa dogo. Linawafungia nje watu wenye jicho kali ambao hawakuwahi kupewa orodha sahihi ya kukariri.

Wanaotetea orodha wana ushahidi wao, na ushahidi huo haufai kupuuzwa. Mwaka 2013 Michal Kosinski na wenzake walichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za Facebook za watu zaidi ya 58,000. Kwa kutazama kurasa walizobonyeza kuzipenda pekee, modeli yao iliweza kutenganisha wafuasi wa vyama viwili vikuu vya Marekani kwa usahihi wa asilimia 85. Mwaka 2015 kundi hilohilo la watafiti lilionyesha kwamba kompyuta ikipewa mapendeleo 10 inamkadiria mtu vizuri kuliko mfanyakazi mwenzake. Ikipewa 70 inampita rafiki, 150 inampita ndugu, na 300 inakaribiana na mwenzi wa ndoa. Takwimu hizi zimezunguka dunia nzima, na wengi wamehitimisha kwamba ladha ni kioo cha nafsi.

Inabidi tusome kilichopimwa. Katika utafiti wa 2015 kompyuta ilikuwa ikikisia majibu ya watu kwenye hojaji ya tabia waliyojijazia wenyewe: je, wewe ni mchangamfu, unapenda mambo mapya, una wasiwasi? Haikupima uaminifu wa mtu pesa zikiwa mbele yake, wala uwezo wake wa kutenganisha hoja nzima na hoja mbovu. Uwiano uliopatikana, yaani kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyofuatana ambapo 1 ni kufuatana kikamilifu, ulikuwa 0.56. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 0.31 hivi, maana yake ni kwamba karibu theluthi moja ya tofauti kati ya watu ndiyo inayoelezwa na mapendeleo, na theluthi mbili hazielezwi. Kwa anayeuza matangazo kwa mamilioni ya watu, theluthi moja ni utajiri. Kwa anayeamua juu ya mtu mmoja aliyeketi mbele yake, ni msingi wa kukosea mara nyingi huku akijiamini. Tena utabiri huo ulifanya kazi kwa kuwa wabonyezaji hawakubonyeza kwa ajili ya kupimwa. Mara orodha inapokuwa mlango wa ajira, kila anayebisha hodi atakuja na orodha nzuri, na ishara itakufa siku hiyohiyo.

Kuna pia swali la nani hasa aliyependa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts waliiweka hoja ya aina hiyo kwenye majaribio. Waliwakusanya washiriki 14,341 kupitia intaneti na kuwapa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi walichagua wakiwa peke yao, bila kujua wengine wamepakua nini. Waliobaki waligawanywa katika dunia 8 zilizotengana, na katika kila dunia mshiriki aliona idadi ya waliokwisha kupakua kila wimbo. Matokeo yanaipa methali haki kwenye ncha tu: nyimbo bora ni mara chache ziliporomoka, na nyimbo mbovu ni mara chache zilipaa. Katikati, ambako vitu vingi vya dunia hii vinaishi, chochote kiliweza kutokea. Wimbo uleule ulikuwa juu katika dunia moja na chini katika nyingine, kutegemea waliotangulia walibonyeza nini. Katika dunia hizo, kiasi kikubwa cha tulichodhani ni ladha kilikuwa foleni ambayo mtu amekuta imeshapangwa. Mwili nao una sehemu yake, ingawa ndogo kwa mada yetu: jeni iitwayo TAS2R38 huwafanya baadhi ya watu wahisi uchungu mkali katika kemikali ambazo wengine hawazihisi kabisa. Kumwona mtu wa namna hiyo kuwa mlegevu kwa sababu hali mboga chungu ni kumwadhibu kwa alichozaliwa nacho.

Hapa ndipo upande wa pili unapokuja na hoja inayoonekana kufunga mjadala: basi ladha si kitu, kila mtu na yake, na wataalamu ni wababaishaji. Silaha yao kubwa ni mvinyo. Huko Bordeaux, Ufaransa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Robert Hodgson alichunguza majaji wa mashindano ya mvinyo ya jimbo la California kuanzia mwaka 2005. Katika kila kikao aliwawekea majaji mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa moja, ukiwa umechanganywa na mingine bila wao kujua. Ni kama asilimia 10 tu ya majaji walioweza kuupa mvinyo huo alama zinazobaki ndani ya daraja moja la medali. Asilimia 10 nyingine waliwahi kuupa medali ya shaba na medali ya dhahabu katika kikao kimoja.

Matokeo haya ni ya kweli na yanauma, lakini hitimisho la kwamba ladha si kitu ndilo dhaifu kuliko yote katika mjadala huu. Yatazame vizuri. Jaribio la rangi linaonyesha kwamba jicho hutangulia pua na kuiamrisha. Halionyeshi kwamba pua haina kazi. Jaribio la Hodgson liliwezekana kwa sababu tunakubaliana kwamba mvinyo uleule ulistahili alama zilezile. Tusingekuwa na dhana ya kuhukumu sawasawa, tusingeweza kumlaumu jaji yeyote. Na walikuwepo wale wachache waliosimama imara, ijapokuwa hata wao inabidi wapimwe tena mwaka unaofuata, kwa sababu kusimama imara mara moja kunaweza kuwa bahati. Ushahidi huu unatuambia tuache kuamini cheo na tuanze kupima uthabiti.

Kupima kunawezekana, na viwanda vya vyakula vinafanya hivyo kila siku kwa njia ya sampuli tatu. Mwonjaji anapewa vikombe vitatu, viwili vikiwa na kitu kimoja na cha tatu kikiwa tofauti, kisha anatakiwa kutaja kilicho peke yake. Kwa kubahatisha atapata mara moja kati ya tatu. Mpangilio wa vikombe una sura sita: AAB, ABA, BAA, BBA, BAB na ABB. Ukifanya raundi 12 na kila sura ikatokea mara mbili, nafasi ya mwonjaji kupendelea kikombe cha katikati haitaharibu matokeo. Akipata 8 au zaidi kati ya 12, uwezekano wa mtu anayebahatisha kufikia hapo ni chini ya 2 kati ya 100. Kwa 7 au zaidi, uwezekano huo unapanda hadi karibu 7 kati ya 100, na hapo ni vyema kurudia. Makosa yanayoharibu jaribio hili yanajulikana: vikombe vya rangi tofauti, joto lisilolingana, namba 1, 2, 3 zinazoashiria daraja (ndiyo maana hutumiwa namba za tarakimu tatu zisizo na mpangilio), na ulimi uliochoka kwa kutopewa maji na mapumziko. Hume angefurahi kuliona. Ni ule ufunguo wa pipani uliogeuzwa kuwa utaratibu.

Vipi kuhusu tabia? Wapo wanaoamini kwamba mtu anayependa vitu vizuri hawezi kuwa mbaya, na imani hii inajificha ndani ya usaili mwingi. Historia imeijibu kwa ukali. Hermann Göring, mmoja wa viongozi wakuu wa Wanazi wa Ujerumani, alikusanya sanaa kwa shauku kubwa, nyingi ikiwa ya wizi, na katika kambi ya mauaji ya Auschwitz kulikuwa na orkestra za wafungwa huku baadhi ya maofisa wakisikiliza kwa makini. Uzuri haukuwazuia. Kisa cha Göring kina funzo la ziada, kwa sababu katika hazina zake alijivunia mchoro wa Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi wa karne ya 17, alioupata kwa kutoa michoro zaidi ya 100, nao ulikuwa wa bandia, kazi ya mghushi Han van Meegeren. Kabla yake, mwaka 1937, Abraham Bredius, mtaalamu aliyeheshimiwa kuliko wengi katika michoro ya Kiholanzi, alikuwa ameutangaza mchoro mwingine wa mghushi huyohuyo kuwa kilele cha kazi za Vermeer. Bredius hakukosa elimu. Kulikuwa na nadharia, ambayo yeye mwenyewe alikuwa na mkono ndani yake, kwamba Vermeer alipitia kipindi cha kuchora masimulizi ya dini, na mghushi alimchorea kile hasa alichotamani kukiona. Kati ya masharti matano ya Hume, Bredius alikuwa na manne. Lililomwangusha ni lile la moyo usio na upendeleo, na mwenye elimu kubwa ndiye huponzwa nalo zaidi, kwa sababu ana maneno mengi ya kulipamba tamanio lake.

Kwa hiyo ukitaka kuona tabia ndani ya ladha, usitazame kinachopendwa. Tazama namna mtu anavyoishi na kosa lake la ladha. Yupo anayesema mwaka jana niliisifu kazi hii na leo naona nilipumbazwa na mwanzo wake. Huyo ana uaminifu ambao utamsaidia hata penye fedha na watu. Yupo ambaye hajawahi kubadili neno lolote alilosema juu ya kitu chochote, na huyo anastahili kuogopwa. Tazama pia anavyomzungumzia anayependa asichokipenda yeye. Dharau ya haraka mara nyingi ni dalili kwamba ladha yake ni beji ya kundi, na beji hailindwi kwa hoja.

Sasa kuna mtego ambao hata wasaili makini hunaswa nao: kumuuliza mtu sababu papo hapo. Mwaka 1991 Timothy Wilson na Jonathan Schooler waliwaonjesha wanafunzi wa chuo jamu tano za stroberi, zilizochaguliwa kutoka orodha ambayo wataalamu walikwisha kuipanga kwa ubora. Waliopanga jamu hizo bila kuulizwa chochote walikaribiana na wataalamu kwa uwiano wa 0.55. Walioambiwa kwanza waandike sababu za kupenda au kutopenda waliporomoka hadi 0.11. Ulimi ulikuwa unajua, lakini walipolazimishwa kusema, walishika sababu zinazosemeka kirahisi, kisha wakabadilisha uamuzi ufuate maneno. Petter Johansson na Lars Hall, katika kazi zao zilizoanza kuchapishwa mwaka 2005, walionyesha jambo la kutisha zaidi: mtu akichagua picha ya uso, kisha kwa kiini macho akapewa ile aliyoikataa, mara nyingi hagundui, na anaanza kueleza kwa ufasaha kwa nini alichagua ambayo hakuichagua. Ufasaha wa sababu, basi, si ushahidi wa hukumu. Hii haimaanishi sababu zisiulizwe. Maana yake ni kwamba ziulizwe baada ya uamuzi kuandikwa, na ziwe za kuonyesha mahali, si za kuelezea hisia. "Haina mvuto" si sababu. "Aya ya tatu inatoa jibu la swali ambalo linaulizwa kwenye aya ya tano" ni sababu, kwa kuwa mtu mwingine anaweza kwenda kuitazama.

Kwa kuzingatia hayo, jaribio la ladha linalofaa kwa kazi ya uhariri, usanifu au utengenezaji wowote linaweza kupangwa hivi. Chukua kazi 12 za aina moja, zenye urefu unaokaribiana, na uondoe majina yote. Nne ziwe nzuri. Nne ziwe na kasoro uliyoitia mwenyewe na unayoijua: hoja iliyotolewa mguu mmoja, kivuli kinachoangukia upande usio wa mwanga, takwimu inayopingana na nyingine kurasa mbili mbele. Nne za mwisho ndizo ngumu, nazo ziwe na sura safi na tumbo tupu, aina ambayo akili mnemba huizalisha kwa wingi: kila sentensi ni sahihi, hakuna inayosema kitu. Kisha rudia tatu kati ya zote hizo kwa mwandiko mwingine na kichwa kingine, zikiwa mbali na nakala zake, ili ionekane kama atazipa nafasi zinazokaribiana; jumla iwe 15. Mwombaji azipange kimya kimya kutoka bora hadi dhaifu, akiruhusiwa kupumzika baada ya kama nane, maana jicho nalo linachoka. Baada ya kukabidhi mpangilio wake ndipo aulizwe sababu za mbili za juu, mbili za chini na moja iliyomsumbua. Mwisho apewe moja ya zile zenye kasoro airekebishe, kwa sharti la kugusa sehemu moja tu. Sharti hilo linafichua mengi: asiyejua tatizo liko wapi atataka kuandika upya kila kitu.

Wiki mbili baadaye mpe tena zile 12 kwa mpangilio mwingine. Kazi 12 zinatoa jozi 66. Hesabu jozi ambazo mwombaji amezigeuza, yaani iliyokuwa juu sasa iko chini ya mwenzake. Aliyepanga kwa kubahatisha atageuza karibu 33. Kwa maoni yangu, anayegeuza chini ya 15 ana msimamo wa kutegemewa, alimradi zile zenye tumbo tupu hazikupanda juu mara zote mbili, kwa sababu mtu anaweza kuwa thabiti katika kukosea. Na aliyegeuza jozi chache akaeleza kwa nini, kwa kuonyesha alichokiona mara ya pili, mpe uzito kuliko ambaye hakugeuza hata moja. Huyo wa mwisho huenda alikariri tu mpangilio wake wa kwanza.

Jaribio hili lina kikomo chake, nacho kisifichwe. Ladha haihami kwa urahisi. Anayenasa kasoro katika aya anaweza kuwa kipofu mbele ya picha, na kubobea katika muziki hakumpi mtu haki ya kuamua juu ya sera. Tumezoea kumpa mtu mwenye jicho zuri katika jambo moja mamlaka juu ya mambo kumi, na huo ndio upotofu uleule wa orodha ukija kwa mlango mwingine.

Lakini tishio kubwa la wakati huu liko kwenye namna ladha yenyewe inavyoundwa. Mtu anayeomba mashine imtolee picha 40 na kuchagua moja anadhani anafanya mazoezi ya hukumu. Mara nyingi anafanya kinyume. Baada ya picha 30 za wastani, ya 31 iliyo bora kidogo inang'aa kama hazina, kwa sababu inalinganishwa na jirani zake peke yake. Dawa yake ni ya vitendo: kabla ya kuomba chochote, weka mezani kazi tatu zilizokamilika ambazo ubora wake umethibitishwa na miaka, na kila chaguo lipimwe dhidi ya hizo, si dhidi ya zile 39. Usipitie zaidi ya kumi kwa mkupuo. Na andika kwa nini umezikataa tisa, kwa neno moja au mawili kila moja, baada ya kuzitupa, maana ni katika zile tisa ambako jicho hujengwa.

Vijana wanaoingia kazini sasa wako kwenye hatari ambayo waliowatangulia hawakuwa nayo. Mhariri wa zamani alipata ladha yake kwa kuandika rasimu mbovu, kukatwa, kuandika tena, na kuona kwa mikono yake mwenyewe sentensi ilipovunjika. Usione vyaelea vimeundwa, na asiyewahi kuunda hajui sehemu ipi ya chombo huvuja kwanza. Ofisi inayowaondolea wanagenzi kazi zote za kutengeneza, kisha ikawataka wawe na ladha, inavuna shamba ambalo haikupanda. Mwanagenzi aachiwe angalau kazi moja kila wiki ya kuitengeneza mwanzo hadi mwisho bila mashine, ikosolewe kwa kuonyeshwa mahali, naye aruhusiwe kubisha.

Bado kuna swali la wanaopima. Kabla ya mwombaji wa kwanza kuitwa, wasaili wawili wapange zile kazi 12 kila mmoja peke yake, kisha wahesabu jozi walizotofautiana. Zikikaribia 33 kati ya 66, hawajakubaliana kitu, na mtihani wao utapima tu nani alikuwa mezani siku hiyo. Wakae na ile kazi moja waliyotofautiana zaidi juu yake, kila mmoja aonyeshe kwa kidole mstari uliompandisha au kumshusha, wapange upya, wahesabu tena. Wakishindwa mara ya pili, waahirishe usaili.